Bomba la inchi moja na nusu na mzinga wa Krismasi: jibu kwa fundi kereza wa Moshi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kereza hapa Moshi, nina miaka 27. Krismasi hii babu yangu anatimiza miaka 90 na ukoo wote tunapanda Kibosho. Nimeona video za watu wa Marekani wakipiga mizinga midogo ya baruti nyeusi kwenye mashamba yao, na tangu siku hiyo silali. Nina kipande cha bomba la maji la inchi moja na nusu. Jamaa yangu wa Pasua yuko tayari kuniziba upande mmoja kwa kuchomelea, na rafiki anayefanya kazi kwenye migodi ya Mirerani anasema baruti siyo shida. Naomba unielekeze bomba liwe na unene gani, baruti niweke kiasi gani, na watu wasimame umbali gani."

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuwa na babu wa miaka 90 ambaye bado ukoo mzima unapanda kwenda kumwona. Nimekaa na swali lako siku mbili. Ndani yake kuna jambo zuri sana na kuna jambo linaloweza kuigeuza sherehe ya babu kuwa msiba. Nianze na hilo la pili, kwa sababu haliwezi kusubiri.

Usilizibe hilo bomba. Kama limeshazibwa, likate leo katikati kwa msumeno, na jamaa yako wa Pasua awepo aone, asije akamtengenezea mwingine kesho.

Nimekuwa mlipuaji mwenye cheti kwa miaka 19, kwanza kwenye machimbo ya kokoto, baadaye migodini, na sasa nimestaafu nyumbani Arusha. Mwaka mpya mmoja, zamani kidogo, niliitwa kijiji kimoja juu ya Ngaramtoni kwenda kuangalia bomba kama lako. Vijana walikuwa wamelipiga mara nne jioni ile na likalia vizuri. Mara ya tano likapasuka. Nililishika mkononi likiwa bado na weusi wa moshi. Lilikuwa limefunguka kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, kingo zimejikunja nje kama ganda la ndizi. Lakini kilichonikaa kichwani mpaka leo ni kile kizibo. Kilikuwa kimeng'oka kizima, duara safi kama sarafu kubwa, na tulikikuta kimezama kwenye mgomba hatua kama thelathini nyuma ya pale walipokuwa wamesimama. Nyuma, siyo mbele. Wote walikuwa wameukwepa mdomo wa bomba wakiamini hatari iko huko. Kijana mmoja alipoteza vidole viwili, na kila aliyekuwepo alijua kwamba kizibo kile kilipita katikati ya watu.

Wewe ni fundi wa chuma, kwa hiyo nikuonyeshe kwa vipimo. Bomba la maji hutengenezwa kwa bamba linalokunjwa na kuunganishwa kwa mshono, na kazi yake ni kubeba maji yenye presha ya bar chache tu. Tairi la gari dogo lina kama bar 2. Baruti nyeusi iliyofungiwa nyuma ya tufe hupandisha presha hadi mamia ya bar, tena kwa kipande kidogo cha sekunde. Wapigaji wa mizinga wa Marekani wana kanuni wanayoifuata kwa ukali: pale baruti inapokaa, ukuta wa mtutu usiwe mwembamba kuliko kipenyo cha kasiba, yaani tundu la ndani ya mtutu. Bomba lako lina tundu la karibu milimita 40. Maana yake ukuta uwe milimita 40 upande huu na milimita 40 upande ule, yaani shafti nzima ya chuma cha pua yenye milimita 120, iliyotobolewa katikati na kuachwa imefungwa nyuma kwa chuma chake chenyewe, bila kizibo cha kuchomelea. Sasa chukua keni, kile kipimio chako cha unene, upime ukuta wa bomba lako. Utapata milimita 3, labda 4.

Kasti nayo usiikaribie. Chuma cha kumimina kinavumilia kubanwa, lakini kikivutwa hakinyooki hata kidogo kabla ya kukatika. Hakikuonyi, kinapasuka vipande. Humo ndani kunaweza kuwa na mapovu ya hewa yasiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana mizinga mikubwa ya kasti inayopigwa kwenye maonyesho huko Marekani huingizwa ndani bomba la pua lisilo na mshono, ukuta wake usiopungua robo tatu ya nusu inchi, yaani kama milimita 9 na nusu.

Na usijifariji kwa kusema "tutalijaribu kwanza." Vijana wa Ngaramtoni walilijaribu mara nne. Februari 28, 1844, meli ya kivita ya Marekani iitwayo Princeton ilikuwa ikitembea mtoni karibu na Washington, imebeba wakubwa wa serikali waliokwenda kutazama mzinga wake mpya mkubwa. Ulikuwa umeshapigwa siku hiyohiyo bila tatizo. Ulipopigwa tena ukapasuka ukaua watu sita, miongoni mwao waziri wa mambo ya nje Abel Upshur na waziri wa jeshi la majini Thomas Gilmer. Nyuma zaidi, mwaka 1460, mfalme James wa Pili wa Scotland aliuawa na mzinga wa jeshi lake mwenyewe uliopasuka karibu naye akiuzingira Roxburgh. Hao walikuwa na mafundi bora wa zama zao. Kila mpigo huacha ufa mdogo ukawa mkubwa kidogo, na ufa ulio ndani ya kasiba hauonekani na mtu aliyesimama nje.

Sasa twende Mirerani.

Rafiki yako anaposema baruti siyo shida, yeye anazungumzia kitu kingine kabisa. Kwa Kiswahili chetu jina ni moja, lakini vitu ni viwili. Baruti nyeusi ni mkaa, salfa na shura. Ikiwashwa inaungua haraka, moto unaruka kutoka punje hadi punje, gesi inajaa na kusukuma. Baruti ya mgodini haiungui hivyo. Mshtuko hupita ndani yake kwa kasi ya mita 3,000 kwa sekunde na zaidi, na kilicho jirani hakipati nafasi ya kusogea, kinasagika. Mwamba unahitaji kuvunjwa, mzinga unahitaji kusukumwa. Ukiweka ya mgodini ndani ya mtutu, hata ule wa shafti ya milimita 120, umetengeneza bomu, na wewe ndiye uliye karibu nalo kuliko wote. Nimeishika kwa miaka 19 na sijawahi kuona sababu ya kuitoa nje ya shimo.

Kuna na hili: baruti ya mgodini huandikwa. Inaingia stoo kwa hesabu na inatoka kwa hesabu, na ikipungua kuna mtu anayeulizwa. Rafiki yako akikuletea vipande viwili ndani ya begi, kwenye daladala kutoka Mirerani, amehatarisha abiria wote na amejiweka kwenye njia ya gerezani. Mwambie hapana kabla hajakufanyia wema huo.

Zile njia za mkato nyingine nazo nazifunga hapa: baruti isiyo na moshi inayokamuliwa kutoka kwenye risasi, ambayo ikifungiwa presha yake hupanda kwa namna ambayo mtutu wa baruti nyeusi hauwezi kuibeba, vichwa vya viberiti, unga wa fataki, kabaidi ya wachomeleaji. Na kutengeneza baruti nyeusi mwenyewe, hapana. Cheche ya umeme wa nguo, kipande cha mchanga, msuguano mdogo, vinaweza kutosha. Viwanda vya baruti vya Ulaya vilijengwa kwa vibanda vilivyoachana, paa jepesi na kuta nene, kwa sababu wenyewe walijua kibanda kimoja kitalipuka siku moja na hawakutaka kiondoke na vingine.

Kuhusu sheria nitasema kifupi, kwa sababu haina utata. Baruti ya aina yoyote hapa Tanzania inahitaji kibali, na kwa shughuli za migodi na machimbo vibali hivyo hupitia Tume ya Madini. Silaha ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni zake zinashughulikiwa na Jeshi la Polisi. Gobore la mzee wa kijijini, linaloshindiliwa kwa mdomo kama mzinga wako unavyoshindiliwa, ni silaha na linahitaji leseni. Usidhani mtutu uliotengeneza mwenyewe utahesabiwa kuwa mchezo. Hata fataki za mwaka mpya, kila Desemba polisi hutukumbusha kwamba zinahitaji ruhusa.

Lakini nataka ulione hili kwa jicho la jirani pia, siyo la sheria tu. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa kwenye uzinduzi wa parokia ya Olasiti hapa Arusha. Tarehe 15 Juni mwaka huohuo jingine likarushwa kwenye mkutano wa hadhara viwanja vya Soweto. Watu walikufa mahali pote pawili, na walioumia wengi tunakutana nao sokoni mpaka leo. Kule Dar es Salaam kuna wanaokumbuka Mbagala ya Aprili 2009 na Gongo la Mboto ya Februari 2011, maghala ya jeshi yalipolipuka. Nyumba zote za Kibosho zimejaa wakati wa Krismasi, na miongoni mwa waliopanda kutoka Arusha na Dar wamo waliokuwepo siku hizo. Mlio mmoja mzito usiotangazwa, usiku, katikati ya migomba: wewe utakuwa unacheka na binamu zako, na mama mmoja nyumba ya tatu atakuwa amelala chini ya kitanda amewakumbatia watoto.

Nimemaliza upande huo. Sasa lile zuri.

Mimi pia niliwahi kukosa usingizi kwa ajili ya mizinga midogo. Nilipata nafasi ya kusoma Uingereza miaka mitatu, na mwishoni mwa wiki nilikuwa nakwenda na kundi la wazee waliokuwa wakipiga mizinga kwenye shamba moja la malisho. Kule pia huwezi kuamka tu ukapiga. Mtu huhitaji cheti cha polisi cha silaha yenyewe na kingine cha baruti, na mtutu lazima uwe umepimwa. Kuna nyumba za kupimia mitutu London na Birmingham. Ya Birmingham iko tangu mwaka 1813. Wanaupiga mtutu kwa mzigo wa baruti mzito kuliko wa kawaida, wao wakiwa wamejikinga, na ukinusurika wanaugonga muhuri. Hapa Arusha, mtaa wa Unga Limited, kuna mafundi hodari wa kila aina, lakini hakuna wa kukugongea muhuri huo. Marekani sheria ya serikali kuu ni laini zaidi, inamruhusu mtu kuwa na baruti nyeusi ya kiwandani hadi ratili 50 kwa ajili ya silaha za kale na michezo yake, na hao ndio uliowaona kwenye video. Video haikukuonyesha miaka waliyokaa wakijifunza.

Miezi yangu mitatu ya kwanza pale shambani nilibeba ndoo ya maji. Sikugusa kingine. Mzee aliyekuwa akituongoza, fundi mstaafu wa reli, alisema asiyejua kazi ya maji hajui kazi ya baruti, na nilipoelewa alichomaanisha niliacha kunung'unika.

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi. Inabaki kuwa vumbi na masizi: ndio ule moshi mweupe mzito, na ndio ule ukoko mweusi unaoganda ndani ya kasiba. Ndani ya ukoko huo hukaa kaa la moto, au kipande cha foili iliyofungia baruti kinachofukuta, dogo kama punje ya ulezi. Huwezi kuliona. Anayekuja kutia mzigo wa pili wa baruti anaupeleka moja kwa moja juu yake, mkono wake ukiwa mbele ya mdomo wa mzinga. Ukisoma ajali za wapigaji wa mizinga, siku nyingi siyo mtutu uliopasuka. Ni mzigo uliowaka wakati wa kushindilia.

Kwa hiyo baada ya kila mpigo mzee yule aliziba tundu la moto, kile kitobo kidogo cha nyuma cha kuwashia, kwa kidole kilichovikwa ngozi nene, hewa isipite ikalipulizia kaa. Mwenzake akaingiza fimbo yenye chuma kilichopinda kama kizibuo, akakizungusha, akatoa mabaki ya foili. Kisha fimbo ya pili, yenye ngozi ya kondoo iliyolowa maji. Siku ya kwanza aliponiruhusu kuishika mimi, mzinga ulikuwa na tundu la ukubwa wa yai la kuku. Niliisukuma hadi chini, nikazungusha, na nikasikia ndani yake shiii, kama sufuria ya moto iliyowekwa kwenye beseni. Ilitoka nyeusi tititi, ikinuka mayai viza. Mzee akanitazama tu. Ule mlio wa shiii ulikuwa ni mkono wa mtu.

Baada ya maji, fimbo kavu. Baada ya hapo dakika kumi za kukaa na kupiga soga, saa mezani, hakuna anayeharakishwa. Baruti ilikuwa imepimwa nyumbani kwa mizani na kufungwa kwenye vifuko vya foili. Hakuna aliyemimina kutoka kwenye kopo kwenda kwenye mtutu, kwa sababu moto ukirudi utaingia kwenye kopo. Sanduku la baruti lilikuwa la mbao, limefunikwa, mbali na upande moshi unakoelekea. La mbao kwa makusudi: baruti nyeusi ikiwaka mahali pa wazi au palipofungwa kwa ulegevu inaunguza vibaya, ikiwaka ndani ya chuma kilichobanwa inalipuka. Fimbo ya kushindilia ilikuwa ya mti, na mshindiliaji alisimama pembeni, mkono mmoja tu, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. Jaribu sasa hivi kushika fagio hivyo. Utaona haushiki kwa nguvu, na ndiyo maana yenyewe; fimbo ikiruka, itaruka peke yake.

Hawakuweka tufe. Mlio tu. Hata mizinga 21 unayoisikia Rais anapoapishwa ni mlio mtupu, na bado askari hawasimami mbele, kwa sababu karatasi na foili zinazotoka mdomoni hutoka kwa kasi ya kutoboa ngozi. Nyuma nako hawakai watu, gari la mzinga hurudi kinyumenyume. Masikio yamezibwa, macho yana miwani. Mzinga ukigoma kuwaka, tulikuwa tunaondoka, tunangoja nusu saa, kisha kazi ya kwanza ilikuwa kuumiminia maji kupitia tundu la moto. Nusu saa nzima kwenye baridi, wazee wa miaka sabini, na sijamsikia hata mmoja akisema twende tukaangalie.

Uliuliza kiasi cha baruti. Kwa bomba lako kiasi ni sifuri. Lakini kwa faida ya ufundi wako, shika jambo moja ambalo wengi wanalikosea. Ukiuchukua mchoro wa mzinga mkubwa ukapunguza kila kipimo nusu, baruti haipungui nusu. Inapungua hadi moja ya nane, kwa sababu ujazo ni urefu mara upana mara kimo. Ukipunguza hadi robo, inakuwa moja ya sitini na nne. Mtu anayekadiria kwa jicho anaweka mzigo mara kadhaa ya unaostahili, na mtutu mdogo hausamehi.

Ushauri wangu kwa Krismasi hii ni huu: mtengenezee babu mzinga usiopiga. Sikupi zawadi ya kufutia machozi. Kati ya mizinga mitatu niliyoikereza mimi, hakuna hata mmoja uliowahi kuonja baruti, na ninaipenda kuliko yote niliyoipiga. Kwenye mchezo huu saa moja ya milio inatanguliwa na saa mia za mashine, mbao na tupa, na wewe tayari una mikono ya hizo saa mia.

Tafuta shafti ya shaba ya manjano, milimita 40, urefu wa sentimita 26 hivi. Kwa wauza vyuma chakavu beba sumaku mfukoni, kwa sababu chuma kilichopakwa rangi ya shaba kitashikwa, lakini shaba yenyewe haitashikwa. Wafua mizinga wa zamani hawakuwa na milimita; walipima kila kitu kwa kipenyo cha kasiba, na ukifuata hivyo mzinga wako utaonekana wa kweli hata kwa asiyejua kwa nini. Tuseme kasiba ni milimita 12. Nyuma, ukuta unene wa milimita 12 au zaidi kidogo. Mbele, karibu na mdomo, nusu yake. Kati ya hapo mtutu unapungua pole pole, kwa hiyo utaukereza kwa mteremko, siyo kwa ngazi. Mapete acha yasimame juu ya mwili wa mtutu kwa milimita moja na nusu. Ukiyafanya manene yanaonekana kama kofia ya chupa. Ile mikono miwili ya pembeni inayolala kwenye gari, kila mmoja uwe na unene wa kasiba na urefu wa kasiba, milimita 12 kwa 12, na ukae chini kidogo ya katikati ya mtutu kama mizinga mingi ya meli ilivyokuwa.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini. Kasiba itoboe milimita 25 tu kwenda ndani, iishie hapo. Tundu la moto usilitoboe kabisa. Piga alama kwa senta panchi, uitie weusi. Mtutu wa namna hiyo hauwezi kupiga hata mjukuu mtundu akitaka iwe hivyo, na afisa yeyote akiushika ataona kwa kidole kwamba ni pambo. Hata hivyo usiubebe kwenye begi la mkononi pale uwanja wa ndege wa KIA, na usiuelekeze kwa watu kwa utani.

Gari lifanye la mninga, la meli, lenye magurudumu manne ya mbao. Ya mbele yawe makubwa kidogo kuliko ya nyuma. Siyo kosa la mchoro: sitaha ya meli huinamia pembeni, na tofauti hiyo ililisawazisha gari. Ukitaka kuona kwa macho, siku moja vuka Holili, pita Taveta na Voi hadi Mombasa, uingie Fort Jesus. Ngome ile ilianza kujengwa mwaka 1593, na mizinga ya kweli iko pale wazi, unaweza kuinama na kuangalia mapete, mikono, na matundu ya moto yaliyoliwa na kutu na mipigo mingi. Nenda na keni na daftari. Nilikaa pale mchana mzima na mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Milio ya sherehe tafuta matarumbeta. Kilimanjaro hatujawahi kukosa vijana wa kupuliza, wale wa kanisani au wale wa kukodi wanaopanda nyuma ya pikapu, na babu wa miaka 90 atawacheza akiwa amekaa kitini. Mzinga wako uwe mezani mbele yake.

Na kama baada ya hapo bado damu inakuita kwenye mzinga wenye moto, sitakukatisha tamaa. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, kabla hujakereza chochote, uulize kwa maandishi na upokee jibu kwa maandishi. Wakikwambia hapana, jibu ni hapana. Ukipata safari ya masomo au kazi kwenye nchi ambako mchezo huu una vyama na vyeti, tafuta kundi la wazee, jitambulishe, na uombe kubeba ndoo. Marekani kuna chama cha wapigaji wa silaha za baruti nyeusi kilichoanza mwaka 1950, kinaitwa North-South Skirmish Association, na kanuni zake za mizinga ndizo nilizozinukuu juu kuhusu unene wa mitutu. Mtu wa kwanza kukuambia "njoo upige" bila kukufundisha maji, muage kwa heshima uondoke.

Jambo la mwisho ni la urembo. Wafua mizinga walikuwa wakichonga juu ya mtutu mwaka na alama ya mwenyewe, kati ya pete ya kwanza na ya pili kutoka nyuma. Weka hapo jina la babu na mwaka aliozaliwa. Chonga kabla ya kung'arisha, siyo baada, la sivyo patasi itaacha kingo zilizosimama na utalazimika kupiga msasa upya. Shaba ikishang'aa iache wiki mbili bila vanishi, ishikwe na mikono ya nyumbani ipate rangi ya asali, ndipo uamue kama unataka kuipaka au la.